Nane Juu ya Tatu

Jumamosi, tarehe 1 Februari

Nimezipaka mafuta zote saba kabla ya chai. Tambara safi, tone moja kwa kila mtutu, futa, rudisha kabatini. Nyumba kimya. Baba Nadia yuko uwanja wa ndege tangu alfajiri, anaendesha basi la abiria wa maegesho. Nadia yuko chuoni Richardson, harudi mpaka wikendi ijayo.

Mtu akiziona mezani atasema ni bastola saba zinazofanana. Ni za modeli moja kweli, za shabaha, za risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili ambazo pini huzigonga ukingoni mwa kitako. Zimetengenezwa kutoboa karatasi, basi. Lakini hakuna mbili zilizo sawa. Ya pili ina skrubu pale ambapo ya kwanza ina pini. Ya nne herufi zake mtutuni zimeinama kidogo. Ya sita mpini wake una pahali pa kulazia kidole gumba. Kiwanda kilikuwa kikibadilisha kitu kimoja kimoja, kimyakimya, na mimi navitafuta.

Kazini ni hivyohivyo. Miaka kumi na moja katika chumba cha kusafishia vyombo vya upasuaji. Kutwa nzima naangalia mikasi na koleo chini ya taa yenye lenzi, natafuta ufa, kutu, alama iliyofutika. Jicho limeshazoea.

Nilipokuwa askari magereza Mombasa nilikuwa kwenye timu ya shabaha. Bastola tuliyopewa ilikuwa ya modeli hii. Ilikuwa ya serikali, nikairudisha siku niliyoacha kazi. Naona ndiyo sababu nazikusanya.

Mchana nakwenda Mansfield. Mjane mmoja anauza vitu vya marehemu mumewe. Picha aliyonitumia haiko wazi, ila nimeona kitu.

*Jioni.* Nimeipata. Mtutu wa mtindo wa zamani juu ya fremu ya mtindo mpya. Kiwanda kilipohama kutoka kaskazini kwenda Houston, miezi ya mwanzo walimaliza vipuri vya zamani kwenye fremu mpya. Zilitoka chache. Sijawahi kushika hata moja. Nilicheka peke yangu pale barazani kwa watu, nikaona haya.

Mjane alikuwa mpole, kanipa na boksi lake la kadibodi. Hapa Texas watu wawili wenyeji wakiuziana bastola hapatakiwi karatasi yoyote. Nikatia kwenye gari, nikarudi Irving nikiimba.

Sijamwambia baba Nadia. Bastola hazipendi. Na tarehe ishirini nina usaili wangu wa uraia, kichwa chake kiko huko tu.

Jumapili, tarehe 2 Februari

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Leo asubuhi niliitoa niijaze daftarini kama ninavyojaza zote. Mtutu, komeo la usalama, skrubu, kipande cha kulengea cha nyuma. Kisha namba, iliyogongwa ubavuni mwa fremu. Nikaiweka chini ya lenzi.

Tarakimu ya mwisho ni nane. Chini ya ile nane kuna tatu.

Nimeangalia mara nne. Nimebadilisha mwanga. Tatu iko pale, imelaliwa. Mtu aligonga nane juu yake.

Tatu ndiyo tarakimu rahisi kuliko zote kugeuzwa nane.

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Nimesoma sheria wakati wa mapumziko, nikiwa na sambusa mkononi ambayo sikuila. Bastola iliyofutwa namba au kubadilishwa namba, kuwa nayo tu huku unajua ni kosa la jinai. Kosa la kitaifa, la kifungo.

"Huku unajua." Mpaka juzi nilikuwa sijui. Sasa najua. Au nashuku. Sijui kushuku kunahesabiwa vipi.

Nimefungua fomu yangu ya uraia. Liko swali ambalo wakati wa kuijaza nililipita mbio: umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo? Nilitia alama kwenye "hapana" kama mtu anayejibu jina lake. Tarehe ishirini ofisa ataniapisha, ataniuliza tena kwa mdomo.

Miaka kumi na tisa katika nchi hii. Sijawahi kupata hata tiketi ya mwendo kasi.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Nimerudi Mansfield baada ya kazi. Nilidhani mjane atanipa risiti ya zamani, jina la duka, chochote. Hana. Anasema mumewe aliipata kwa kubadilishana na mfanyakazi mwenzake, akampa mashine ya kukata majani. Mfanyakazi huyo jina lake la kwanza analikumbuka, la ukoo hapana. Aliniuliza kama kuna tatizo. Nikasema napenda tu kujua historia. Uongo mdogo, nikaurudia kichwani njia nzima ya kurudi.

Kwa hiyo haina baba wala mama. Ilitoka kwa mtu asiyejulikana.

Nimefika nyumbani nimemwambia baba Nadia kila kitu. Nilitaka anipigie kelele, nimalize. Hakupiga. Aliweka kijiko chini, akauliza inaonekanaje hiyo tatu. Nikamwonyesha kwenye picha. Akaitazama sana.

Akasema, "Kesho nitaipeleka ziwani. Naitupa katikati, kwisha."

Nikamkatalia. Kuitupa ni kuficha, na nikiulizwa itabidi niseme niliificha. Akasema hakuna atakayeuliza. Nikamwambia ataniuliza ofisa, na mimi nitakuwa nimeshaapa. Akanyanyuka akaenda kuosha vyombo. Baba Nadia akikasirika huosha vyombo.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Nimeswali Ijumaa Richardson kwa sababu najua Mwanaidi huswali pale. Ni wakili wa mambo ya uhamiaji, binti wa Tanga, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano. Tulikaa kwenye gari lake, viatu mkononi bado.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akanihesabia. Nisiitupe. Nisiiuze. Nisiitoe nyumbani kuipeleka popote. Nisifungue skrubu hata moja, nisisafishe, nisiguse. Nitafute ushahidi wa ilikotoka, mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Nikikosa, yeye mwenyewe ataikabidhi kwa polisi kwa niaba yangu na tutaomba usaili usogezwe mbele.

Nikamuuliza usaili ukisogezwa unasogea mpaka lini. Akasema hilo hawezi kuniahidi.

"Dada Zuhura," akaniambia, "kilichokuokoa mpaka sasa ni kwamba umesema mwenyewe kabla hujaulizwa. Endelea hivyohivyo."

Nililia kidogo nilipofika kwenye gari langu. Nikajipangusa, nikaenda kununua mboga.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Nadia amekuja. Ameona sina raha, akadhani ni mtihani wa uraia, akanikalisha kunifundisha majina ya mito na maseneta. Ananiuliza kwa Kiingereza, namjibu kwa Kiswahili, anacheka. Nimepata yote. Mito haikuwa tatizo.

Nimefikiri hivi. Namba iligongwa na mtu. Kwa mkono, kwa nyundo au mashine, ameketi mahali fulani Houston. Kama tatu iligeuzwa na mwizi, hakuna ajuaye. Kama iligeuzwa kiwandani, yuko anayejua walivyofanya.

Nimeandika kwenye jukwaa la wakusanyaji mtandaoni. Sikuweka picha wala namba. Niliuliza tu: yupo bado mtu aliyefanya kazi kwenye meza ya kugongea namba, kiwanda cha Houston?

Jumanne, tarehe 11 Februari

Majibu sita. Yote ya wanaume wanaonieleza nisichouliza. Mmoja ameniandikia aya tatu kuhusu vipini vya mbao.

Kazini nimeitwa na msimamizi. Nimeruhusu trei itoke na koleo lenye ufa. Miaka kumi na moja, mara ya kwanza. Mwenzangu aliliona kabla halijafika chumba cha upasuaji. Msimamizi hakunifokea, aliniuliza kama ninalala.

Silali.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa glavu. Nimeusoma saa sita.

Umeandikwa na msichana, anajiita Marisol. Amesema bibi yake, Ofelia, aligonga namba katika kiwanda hicho tangu siku kilipofunguliwa Houston mpaka kilipofungwa. Ana miaka themanini na mbili. Anasikia vizuri, anaona kwa lenzi, anapenda wageni. Wanakaa Pasadena, upande wa Houston wenye mitambo ya mafuta. Anaweza kunipokea Jumamosi.

Nimesoma mara tatu nikiwa nimesimama kando ya mashine ya mvuke.

Nimechapisha picha dukani, kubwa, za karatasi. Namba kwa mbali, namba kwa karibu, ile nane peke yake imejaa ukurasa mzima. Yule kijana wa dukani alidhani ni sanaa.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Naandika nikiwa kwenye hoteli ndogo pembeni ya barabara kuu, Houston. Sikutaka kurudi leo. Nataka kuyaandika yote kabla hayajapoa.

Nilitoka Irving baada ya alfajiri. Mwendo wa saa nne na ushee barabarani. Upepo wa baridi, malori, mabango ya mawakili. Peke yangu. Baba Nadia alikuwa na zamu ya mchana, na tangu Jumatano ile maneno kati yetu yamekuwa machache. Jana jioni alitoka na gari bila kusema aendako, akarudi viatu vimejaa tope. Sikuuliza.

Bi Ofelia ni mdogo wa umbo, kasuka nywele mkia mmoja mweupe. Alinishika mikono miwili mlangoni akavitazama viganja, sijui alitafuta nini. Marisol alitutilia kahawa. Hewa ya mtaa ule inanuka mafuta, nikakumbuka Changamwe ya Mombasa.

Nikaweka picha mezani. Ya mbali kwanza.

Alijua palepale. Mtutu wa zamani, fremu mpya. Alisema ni mwaka wa kwanza, vipuri vilikuja kwa malori kutoka kaskazini vikiwa vimechanganyika, na msimamizi akaamua vitumike. Kisha nikaweka ile picha ya tarakimu nane.

Aliishika karatasi karibu na pua, akaisogeza mbali, akaomba lenzi yake.

Akaniambia walikuwa wanawake watatu mezani. Yeye, mwenzake aitwaye Luz, na mwingine aliyedumu mwaka mmoja. Mtu akikosea tarakimu, hakuruhusiwa kuitupa fremu, ni chuma kizuri. Aliigonga ile sahihi juu ya kosa. Halafu aliandika namba nzima upya, safi, chini ya mpini wa kushoto ambapo mteja haoni, na kando yake anaweka alama yake mwenyewe, ili msimamizi ajue nani alikosea. Alama yake Ofelia ilikuwa nyota. Ya Luz, pembetatu. Ya yule wa tatu, mstari tu.

"Mwizi hawezi kujua hilo," alisema. "Hata wauzaji hawakujua. Fungua mpini uangalie."

Nikamwambia bastola iko Irving. Nikamwambia kwa nini. Akaguna.

Nikampigia Mwanaidi kwanza. Akanikatalia, kisha akauliza maswali matatu, kisha akakubali. Yeyote atakayefungua apige picha kila hatua, na sura ya saa ionekane.

Kwa hiyo nikampigia mume wangu.

Sijui kama nitaisahau simu ile. Zamu ilikuwa haijaanza, alikuwa nyumbani. Nikamweleza haraka, nikamwambia aende kabatini, namba za kufuli anazijua, aitoe ile bastola ya nane.

Akasema, "Mama Nadia, haiko kabatini."

Bi Ofelia alikuwa ananitazama. Naona niligeuka rangi kwa sababu Marisol alinisogezea maji.

Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Jana jioni aliichukua. Aliifunga taulo, akaenda ziwani, akatembea kwenye tope mpaka kwenye gati la mbao. Akasimama pale. Alisema alinifikiria mimi na jinsi ninavyozipaka mafuta. Alisema aliona akiitupa, mimi nitaapa mbele ya ofisa nikiwa na jambo moyoni, na jambo hilo atakuwa amelitia yeye. Akarudi nayo. Aliona haya kuirudisha kabatini huku mimi namwona. Iko kwenye buti la gari, ndani ya taulo, pamoja na tairi la akiba.

Nikamwambia, "Nenda ukailete."

Nikasikia mlango, ngazi, buti. Nikasikia anarudi anahema. Mtu huyu hajawahi kushika bastola maisha yake yote. Kwanza nikamwelekeza jinsi ya kutoa magazini na kuvuta nyuma sehemu ya juu ahakikishe hamna risasi. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika haitalipuka. Tukahamia kwenye simu ya video, saa yake ya mkononi kaiweka mezani, Marisol akikipiga picha kioo kila hatua. Ile mikono yake mikubwa ya usukani, bisibisi ndogo ya miwani. Skrubu ikakataa. Nikamwambia asiilazimishe, aisukume chini kwanza ndipo azungushe. Ikakubali kwa kilio kidogo ambacho wote tulikisikia Pasadena.

Mpini ukatoka.

Akasogeza simu. Picha ikawa ukungu, ikawa kidole chake, ikawa ukungu tena. Kisha ikatulia.

Namba nzima. Imekaa vizuri, mstari mmoja, nane yake safi haina kitu chini. Na kando yake pembetatu ndogo, upande mmoja umezama kuliko mwingine.

Bi Ofelia alimwomba Marisol amsogezee simu. Akaitazama. Akaweka kidole kwenye kioo pale ilipo pembetatu.

"Luz," akasema. Basi. Luz alikufa miaka sita iliyopita.

Mimi nilikuwa nimeshainama mezani nalia, na baba Nadia kule Irving anauliza, ni nzuri? Ni mbaya? Semeni basi.

Nikamwambia ni nzuri.

Baadaye Marisol aliandika maelezo ya bibi yake kwa kompyuta, kurasa mbili. Tukaenda kwa mthibitishaji wa sahihi kisheria, yuko kwenye duka la kutuma vifurushi mtaa wa pili. Bi Ofelia alitia sahihi taratibu, herufi baada ya herufi, zote zimenyooka. Yule mthibitishaji akamsifu mwandiko. Akamjibu kwamba aliandika kwa nyundo miaka mingi, kalamu si kitu.

Nina kurasa hizo ndani ya bahasha chini ya mto.

Bado nimemkasirikia baba Nadia. Nimejaribu kuacha, haijatoka yote. Lakini nikifumba macho namwona amesimama kwenye gati na taulo, na nampenda kiasi cha kuumwa.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Jana nilipofika nyumbani alikuwa amepika pilau. Nyama imekauka. Nimekula sahani mbili. Tumezungumza. Aliomba radhi, na mimi nikaomba kwa kununua kwa siri siku ambazo nilijua ana wasiwasi. Hatukurefusha.

Leo Mwanaidi amepokea kurasa na picha zote. Ameniambia pia aliwauliza polisi kuhusu namba, zote mbili, yenye nane na yenye tatu. Hakuna iliyoripotiwa kuibwa. Amesema faili hili lingekuwa la mtu mwingine angelichapisha alifundishie wanafunzi. Usaili uko palepale, Alhamisi.

Nimelala saa tisa mfululizo.

Alhamisi, tarehe 20 Februari

Baridi kali, barabara za juu zimeganda. Baba Nadia amenipeleka kwa mwendo wa konokono. Hakutaka niendeshe.

Ofisa alikuwa mwanamke wa umri wangu, mafua yamemshika, boksi la tishu mezani. Nikainua mkono wa kulia, nikaapa. Akaniuliza mto. Akaniuliza rais wa kwanza. Nikasoma sentensi, nikaandika sentensi.

Kisha akafika kwenye lile swali. Alilisoma bila kunyanyua macho, kama alivyosoma mengine. Nikalisikiliza neno moja moja.

Nikajibu hapana.

Sauti ilitoka ya kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kutetemeka, sikutetemeka. Kwenye mkoba nilikuwa na nakala ya kurasa za Bi Ofelia, endapo ataniuliza zaidi. Haikuhitajika. Alipiga chafya, akaomba msamaha, akageuza ukurasa.

Nimepita. Kiapo tutaitwa kwa barua.

Nje, Mwanaidi alinikumbatia mpaka miwani yake ikapinda. Baba Nadia alikuwa kwenye gari, hita imewaka, kaweka visomo vya Kurani redioni kwa sauti ya chini. Nilimwonyesha kidole gumba kupitia kioo. Akaweka paji la uso kwenye usukani akakaa hivyo kitambo. Honi ikalia. Watu wakageuka. Sijawahi kucheka hivyo tangu mwaka uanze.

Jumatatu, tarehe 24 Februari

Kazini trei arobaini zimepita mikononi mwangu, hamna doa. Msimamizi kapita nyuma yangu, kasema naonekana mpya.

Wanaume wa jukwaani wamejua. Marisol kaandika, kwa ruhusa yangu, jinsi namba zilivyosahihishwa. Hakuna aliyewahi kuandika jambo hilo. Watu wanafungua vipini vyao nchi nzima. Mmoja amepata nyota. Wawili mstari. Yule wa vipini vya mbao ameniandikia kuniomba radhi kwa zile aya tatu, halafu akaandika aya nne.

Pembetatu ni moja tu mpaka sasa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya nane ya Ramadhani kwetu. Tumekwenda Houston kwa Bi Ofelia, mimi na baba Nadia. Yeye ndiye aliyesema twende, na yeye ndiye aliyeibeba bastola kwenye sanduku lake lenye kufuli na kuiweka kwenye buti.

Bi Ofelia alitaka kuishika tu. Nilimfungulia mpini mwenyewe. Akapitisha kidole gumba juu ya pembetatu, taratibu, mara nyingi, akitazama dirishani. Marisol alikuwa anafua, mashine inanguruma nyuma ya nyumba.

Mwisho akasema, "Luz alikuwa na haraka siku zote." Akanirudishia.

Alijua tumefunga. Alikuwa ametufungia tamale, mikate ya mvuke ya unga wa mahindi iliyojazwa maharage, kwenye karatasi ya foili. Alitaja mara mbili kwamba kaziunga kwa mafuta ya mahindi, si ya nguruwe, kila kitu kwenye sufuria mpya.

Magharibi imetukuta njiani, karibu na Corsicana. Tumesimama kituo cha mafuta. Tende, maji, kisha tamale, zilikuwa bado na joto. Tumekula tumekaa kwenye gari, milango wazi. Baba Nadia amekula nne. Hewa imeanza kulainika, nyasi za kando ya barabara zimeshika kijani.

Tumeswali kwenye nyasi pembeni ya maegesho, yeye akiwa imamu. Kisha nimeshika usukani mimi, yeye amelala mpaka Irving.